Masharti ya Mkebe

Mteja aliipita terere, ule mchicha wa nyumbani, bila kuitazama. Akaipita mboga chungu ya managu, akazipita kunde zilizokuwa bado na umande wa asubuhi, akainama hadi sikioni mwa Jedidah na kunong'ona kama mtu anayeulizia pombe ya chang'aa.

"Mama Makandi, ile kitu iko?"

"Terere iko. Managu iko. Nikukatie sukuma?"

"Si hizo. Ile ya mkebe."

Jedidah akamwonyesha kwa kidevu chumba cha binti yake karibu na lango la soko. Mteja akashukuru sana, akaenda mbio mbio, na terere ikabaki pale juu ya gunia ikinyauka.

Ndivyo mambo yalivyokuwa katika soko la Gakoromone mwaka ule. Mwanamke aliyeuza mboga kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa amegeuka kibao cha kuelekeza watu kwenye unga wa mkebe. Juu ya mlango wa Makandi palining'inia bango kubwa lenye nyuso mbili za Jedidah. Upande wa kushoto amekonda, mifupa ya mashavu imechomoza, na chini yake neno KABLA. Upande wa kulia amenawiri, shingo imejaa, anacheka, na chini yake neno BAADA. Katikati ya KABLA na BAADA walikuwa wameweka picha ya mkebe wa kijani. Kila asubuhi Jedidah alipita chini ya bango lile akiwa ameinamisha kichwa asijione.

Sasa nikwambie jambo ambalo kanisa zima halikulijua: Jedidah hakuwahi kumaliza hata glasi moja ya unga ule.

Miaka miwili nyuma alikuwa mgonjwa kweli, hilo halina ubishi. Mganga hajigangi, na muuza mboga naye hajilishi. Kuanzia alfajiri hadi jioni Jedidah alishindia chai ya sukari na mandazi. Mboga nzuri aliwauzia wenzake, zilizonyauka akampelekea mbuzi. Damu ikapungua hadi akawa akiinuka kwenye kigoda anashika nguzo. Nesi wa kliniki, msichana mdogo mwenye mdomo mrefu, alimuuliza anafanya kazi gani. Alipoambiwa, akaweka kalamu chini akacheka.

"Mama, dawa umeikalia," akasema. Akampa vidonge vya damu vya miezi mitatu na kumwamuru ale anachouza.

Jedidah alirudi sokoni amekasirika, na kwa hasira hiyo hiyo akaanza kula. Terere mchana, managu jioni, ndengu, maini mara moja kwa wiki, chungwa baada ya chakula. Chai akaisogeza mbali na chakula kama nesi alivyosema. Kufikia mavuno ya maharagwe, mwili ulikuwa umerudi.

Kwa bahati mbaya ni majuma yale yale ambapo Makandi alikuja na mkebe wa kwanza. Makandi alikuwa na diploma na miaka mitatu ya kutembea na bahasha kutoka ofisi hadi ofisi. Kampuni moja ilikuja mjini, ikakodi ukumbi wa hoteli, ikawavisha vijana fulana za kijani na kuwaambia kwamba watu hawahitaji tena kuhangaika na chakula, kila kitu kimo ndani ya unga. Makandi akamletea mama yake mkebe wake wa kwanza kabisa. Unga ulikuwa na ladha ya nyasi kavu. Jedidah hakuwa na moyo wa kumwambia mtoto wake hivyo, kwa hiyo alikoroga, akatabasamu, na Makandi alipogeuka, akamwaga glasi chini ya migomba. Mama gani hajawahi kufanya hivyo?

Lakini Jumapili moja Makandi akasimama kutoa ushuhuda. Katika kanisa lao ushuhuda si mchezo. Neno likishasemwa pale mbele, limesemwa kwa Mungu na watu wote ni mashahidi. Makandi akashika maikrofoni, akaeleza jinsi mama yake alivyokuwa akishika nguzo, kisha akamwita.

"Mama, simama wakuone. Waambie ni nini kilikuinua. Si ni mkebe?"

Jedidah akasimama. Akautazama uso wa binti yake, uso ambao kwa miaka mitatu ulikuwa umezima, na sasa uling'aa mbele za watu. Akafungua kinywa.

"Ni mkebe," akasema.

Watu wakapiga makofi. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na siku hiyo Jedidah alijikwaa vibaya.

Tangu hapo hakuwa na maisha yake. Bango likachapishwa. Makandi akamwomba asionekane akila mboga pale kibandani, watu wasije wakasema ni chakula kilichomponya. Basi Jedidah, mwenye gunia zima la terere mbele yake, akawa anakula kwa kujificha, mgongo ameupa soko, bakuli kalificha chini ya leso. Hata kukohoa hakuruhusiwa. Akikohoa mara mbili, Makandi huja mbio kutoka langoni: "Mama, usiumwe wiki hii, tuna wageni wa kampuni." Alikuwa amefungwa katika mwili wenye afya, na mlinzi wa gereza alikuwa mtoto wake wa tumboni.

Mtu mmoja tu sokoni ndiye aliyejua. Huyo ni Mashavu, au Mama Jumaa, jirani yake wa kibanda, mwanamke Mwislamu wa pale mjini aliyeuza maharagwe na viungo. Aliona kila kitu kwa sababu bakuli lilifichwa kwa kulielekeza upande wake.

"Mama Makandi," Mashavu alimwambia mara nyingi, "hii uongo yako inakula kuliko wewe."

"Nyamaza, Mama Jumaa. Inalisha mtoto wangu."

Na huenda Jedidah angeendelea kuivumilia hadi kufa, kama si Wambeti.

Wambeti alikuwa mwanamke wa Ishiara, kule chini Mbeere kwenye joto. Kwa miaka kumi na tisa alipandisha magunia ya ndengu hadi Gakoromone kila Jumatatu, na kila Jumatatu alilala nyumbani kwa Jedidah. Walizikiana waume. Walijuana hadi namna ya kukoroma. Wambeti alikuwa mkubwa wa mwili na wa sauti. Akicheka upande wa ndizi, wauza viatu waligeuka kutazama.

Jumatatu ile alikuja akichechemea. Nguo zilimning'inia. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kilikuwa kimefungwa kitambaa, na alipoketi jikoni kwa Jedidah jioni hiyo akakifungua, harufu ilijaza chumba.

"Ni hiyo sukari yangu," Wambeti akasema kwa wepesi. "Lakini usijali. Nimewacha vidonge ya hospitali mwezi wa tatu sasa. Nakunywa mkebe."

"Mkebe gani?"

"Uliza tena! Si ile yako? Niliona picha yako kwa lango, nikasema, kama imeinua Mama Makandi, mimi ni nani? Nakunywa asubuhi na jioni, na mkate yangu na chai."

Jedidah alikiangalia kidole kile. Alikuwa amewahi kuona mguu wa namna hiyo kwa shangazi yake. Ulianzia kidoleni na daktari akaukata gotini, na shangazi hakumaliza mwaka. Jedidah akainuka. Akafunga mlango wa jikoni, akaketi, akamwambia rafiki yake ukweli wote: nesi, maini, terere, migomba. Alipomaliza, kwa mara ya kwanza katika miaka miwili akajisikia mwepesi.

Wambeti alimsikiliza hadi mwisho. Kisha uso wake ukajifunga.

"Makandi amekwambia uninyime?"

"Kukunyima nini?"

"Nimelala kwa hii nyumba miaka kumi na tisa. Umepata dawa, umenona, sasa mimi nikiinywa unaniambia ni nyasi. Unataka kupona pekee yako?"

"Wambeti, naapa."

"Uliapa kanisani! Watu wote walisikia. Sasa niambie. Ulidanganya Mungu, ama unanidanganya mimi? Sema moja."

Jedidah akayapima majibu yote mawili. Akisema alimdanganya Mungu, Wambeti hataamini, maana hakuna mtu wa akili hufanya hivyo na kuendelea kuketi kiti cha mbele kila Jumapili. Akisema anamdanganya yeye, kidole kile kitapanda hadi gotini. Aliutafuta mlango wa tatu na hakuuona. Wambeti alikwisha anza kujifunga leso aende akalale sokoni, juu ya magunia.

"Ngoja," Jedidah akasema. "Mkebe wako uko wapi?"

Wambeti akautoa kwenye kikapu. Jedidah akachukua miwani yake dirishani, akaivaa, akausogeza mkebe kwenye taa. Yeye alisoma hadi darasa la saba. Wambeti hakusoma kabisa. Wakati wa wenzake kwenda shule yeye alikuwa akichunga mbuzi wa babake. Maandishi ya mkebe yalikuwa ya Kizungu, madogo kama chawa.

"Nani alikusomea masharti?" akauliza.

"Masharti gani?"

"Kai! Umekunywa miezi mitatu bila masharti?" Jedidah akatikisa kichwa kwa huzuni, na huzuni hiyo haikuwa ya kuigiza. "Ndiyo maana. Sasa sikiliza. Hapa imeandikwa: mwenye sukari asiache vidonge vya hospitali. Akiacha, unga haufanyi kazi."

Wambeti akaketi tena polepole.

"Imeandikwa hivyo?"

"Hapa. Na hapa imeandikwa mwenye kidonda apeleke kidonda kliniki kesho asubuhi, kioshwe, na asivae malapa."

"Endelea."

"Asiweke sukari kwa chai. Asikule mkate mweupe. Soda, hapana kabisa."

"Hata ya Jumapili?"

"Hata ya Krismasi. Ale terere, ale managu, ale ndengu."

"Ndengu!" Wambeti akashangaa. "Mimi ndengu nauza."

"Unauza ndengu ununue mkate. Hiyo mkebe haitaki. Uji uwe wa wimbi, bila sukari, kikombe kimoja. Na ugali usijaze sahani, mboga ndiyo ijaze."

"Na kunde?" Wambeti akauliza kwa sauti ya mtoto. "Zile za shamba yangu?"

"Kunde imeandikwa kabisa."

Wambeti akaukodolea mkebe macho. "Hao Wazungu wa mkebe wanajua kunde?"

"Wanajua," Jedidah akasema, akavua miwani kwa sababu machozi yalikuwa yameanza kuitia ukungu.

Asubuhi walikwenda kliniki pamoja. Nesi mwenye mdomo mrefu alimgombeza Wambeti mpaka akachoka, na Wambeti hakumsikiliza hata neno moja. Vidonge alivichukua kwa sababu ya mkebe.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Mimi nasema inategemea anayetembea, maana ya Jedidah ilirefuka. Kila Jumatatu Wambeti alirudi na maswali, na kila Jumatatu Jedidah alivaa miwani na kusoma yasiyokuwapo. Je, parachichi? Nusu, imeandikwa. Embe? Kipande, si ndoo nzima. Na kutembea? Kutembea imeandikwa, kila asubuhi kabla ya jua kuwa kali. Wambeti, aliyekuwa akiwacheka manesi na vipeperushi vyao, aliutii mkebe kwa woga. Kidonda kikakauka pembeni, kisha katikati. Mwezi wa nne kiatu kikaingia. Kicheko kikarudi upande wa ndizi.

Jedidah alifurahi, tusimwonee. Usiku alilala. Lakini Mashavu alimtazama tu akichagua mawe kwenye maharagwe.

"Umeokoa mguu," akasema. "Lakini mkebe ndio utasifiwa."

Na ikawa hivyo. Makandi alisikia, na nani asingesikia sauti ya Wambeti? Akaja kibandani mbio, macho yanawaka. Kampuni ilikuwa inaleta mkebe mpya, wenye mfuniko wa dhahabu, na alitaka Wambeti atoe ushuhuda Jumapili ya pili ya mwezi. Jedidah akaomba waende ndani ya chumba. Pale katikati ya makatoni akamwambia binti yake kila kitu, akianzia migomba.

Makandi hakushtuka. Alikuwa akipanga mikebe kwenye rafu, na aliendelea kuipanga.

"Nilijua, mama."

"Ulijua lini?"

"Siku ya pili. Unga ulikuwa umekauka chini ya migomba. Kijani kitupu."

"Na bado ukanisimamisha kanisani?"

"Nilikuuliza. Nilidhani utakataa." Makandi akageuka, na sasa uso wake ulikuwa wa yule msichana wa bahasha. "Ulisema ni mkebe. Nikasema, kama mama amekubali kunibeba, basi nitabebwa. Sasa kuna watu thelathini wanauza chini yangu. Mwalimu Murithi, wajane wawili, Kiogora wa bodaboda ambaye hana mkono. Wote wanakula kwa jina lako. Niambie nianguke na nani kwanza."

Jedidah akaketi juu ya katoni.

"Isitoshe, Mama Ndwiga amepona," Makandi akaongeza, akimtaja Wambeti kwa jina la mwanawe. "Akiwa amepona, shida iko wapi?"

Jumapili ikafika. Wambeti alikuja kutoka Ishiara amevaa kitambaa kipya cha kichwa na viatu vilivyofungwa, akatembea hadi mbele bila kuchechemea. Kanisa lilijaa. Mikebe ya dhahabu ilikuwa imepangwa mezani kando ya sadaka, jambo ambalo mchungaji alilivumilia kwa sababu Makandi alikuwa ametoa mabati ya vyoo.

"Bwana asifiwe," Wambeti akasema, na maikrofoni ikalia. "Mguu hii ilikuwa ikatwe. Sasa tazameni." Akakanyaga sakafu kwa nguvu. "Nilifuata masharti yote. Nimekula terere mpaka nikaona meno yangu imekuwa kijani. Nimekula kunde, nimekula ndengu. Nimewacha mkate, nimewacha soda. Vidonge ya hospitali sijaruka hata siku moja. Natembea kila asubuhi. Mkebe ulisema, mimi nikafanya."

Mnong'ono ukapita kwenye viti. Mzee mmoja wa kanisa, Salesio, akasema kwa sauti ambayo hakukusudia isikike: "Kumbe ni chakula?"

Makandi alikuwa mwepesi. Aliruka mbele, akachukua maikrofoni nyingine, akacheka.

"Mama Ndwiga ameteseka! Hayo masharti, wapendwa, yalikuwa ya mkebe wa zamani. Huu mpya una nguvu mara mbili. Hauna masharti. Mama Ndwiga, kampuni inakupa huu bure. Kuanzia leo pumzika. Kula unachotaka."

Wambeti akaupokea mkebe wa dhahabu. Uso ukamfunguka kwa furaha ya kweli, na furaha hiyo ndiyo iliyomtia Jedidah baridi.

"Hata mkate?"

"Hata mkate."

"Na vidonge?"

Makandi akasita. Jedidah aliona kusita huko akiwa kiti cha mbele. Akaona binti yake akimtazama yeye, kisha mikebe, kisha watu. "Mkebe unatosha," Makandi akasema.

"Ngoja kwanza," Wambeti akasema. "Mimi sijui kusoma, lakini niko na msomaji wangu. Mama Makandi! Kuja unisomee huu mpya, nijue nimewekwa huru."

Watu wakacheka kwa upendo. Jedidah akainuka. Hatua kutoka kiti cha mbele hadi madhabahuni ni saba, na hakuhisi hata moja. Wambeti akamwekea mkebe mkononi, akamshikia maikrofoni karibu na mdomo, akasimama kando yake kwa fahari, kama mtu anayemwonyesha dada yake msomi kwa wageni.

Jedidah akavaa miwani. Angeweza kutunga tena. Lakini safari hii nusu ya kanisa walijua Kizungu, na Makandi alikuwa amekwisha tangaza kwamba masharti yameisha. Angeweza kusema kweli hakuna masharti, akaketi, na Wambeti angerudi Ishiara akanunue mkate leo leo. Kila alikogeuka kulikuwa na mtu aliyempenda.

"Vijiko viwili kwa glasi ya maji," akasoma.

"Halafu?"

"Mkebe uwekwe mahali pakavu."

"Halafu?"

"Basi. Imeishia hapo."

"Si nilisema?" Makandi akadakia haraka. "Huu ni mpya."

"Hata ule wa zamani uliishia hapo," Jedidah akasema. Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Terere haikuwa imeandikwa. Ndengu haikuwa imeandikwa. Ni mimi niliyekuwa nikitunga, kwa sababu nilikwambia ukweli ukakataa. Na mimi mwenyewe unga huu sijawahi kuunywa. Nilikuwa nikimwaga. Nilipona kwa vidonge vya kliniki na kwa mboga zangu. Nilisimama hapa nikadanganya, na Mungu alisikia."

Mchungaji, ambaye kila akikosa la kufanya huomba, akasema, "Tufumbe macho." Kanisa lote likafumba. Wambeti hakufumba. Alisimama pale, macho kwa Jedidah, maikrofoni bado iko mkononi.

"Siku ile jikoni," akasema, na watu wote wakasikia katikati ya maombi. "Nilikuuliza. Ukavaa miwani."

"Ndiyo."

"Na Jumatatu zote zile."

"Zote."

Wambeti akauchukua mkebe wa dhahabu mikononi mwa Jedidah, akauweka sakafuni, akatoka nje kwa mlango wa wanawake. Alitembea vizuri sana.

Makandi hakumpigia mama yake kelele. Ingekuwa afadhali. Alifungasha makatoni kabla ya Jumatano, akahamia Manyatta karibu na Embu mjini, mahali ambapo habari zilikuwa hazijafika, na simu yake ikawa haipokelewi. Wauza mkebe wengine waliacha kumsalimu Jedidah. Mama mmoja wa kanisa alikuja kibandani, akatema mate pembeni mwa gunia, akaenda kununua sukuma kwingine. Wengine walikuja kununua terere kwa wingi, lakini walikuja pia kumtazama, na hilo lilimuuma vile vile.

Lakini yote hayo aliyaweka kando. Jumatatu ya kwanza Wambeti hakuja. Jumatatu ya pili hakuja. Jedidah akawa halali. Uongo ndio uliokuwa ukimshikia Wambeti vidonge mkononi. Sasa ameuondoa, ni nini kitakachomshikia? Alikuwa amejiweka huru mwenyewe kanisani, na labda alikuwa ameulipia uhuru huo kwa mguu wa mwenzake. Mawazo hayo yalimzunguka mchana kutwa akifunga mafungu.

"Utafunga hiyo terere mpaka lini?" Mashavu akamwambia Jumatatu ya tatu. "Ishiara si Ulaya. Enda. Kibanda nitaangalia."

Akaenda. Alifika jua likiwa kichwani, kuku wamejificha kivulini. Wambeti alikuwa ameketi nje ya jiko akipepeta ndengu kwenye ungo. Jambo la kwanza ambalo Jedidah alitazama ni miguu. Yote miwili ilikuwa ndani ya viatu vilivyofungwa.

"Umekuja kuangalia kama nimekufa," Wambeti akasema, bila kusimamisha ungo.

"Nimekuja kuangalia kama unakula."

Ungo ukapanda na kushuka mara kadhaa.

"Nilirudia mkate," Wambeti akasema. "Siku nne. Nilinunua na soda, nikaketi hapa hapa nikakula nikikukasirikia. Siku ya tano kidole kikaanza kuwaka. Nikajiambia, wewe mjinga, unamwadhibu nani?"

"Na vidonge?"

"Nakunywa. Kunde nakula. Jana nilienda kliniki ya hapa, wakanipima, sukari imeshuka. Si kwa sababu ya mkebe, na si kwa sababu yako. Mguu ni wangu."

Jedidah akashindwa kujizuia. Alilia pale pale amesimama juani, akajipangusa kwa ncha ya leso. Wambeti alimwacha alie. Alipomaliza, akaweka ungo chini.

"Ndengu nitaleta," akasema. "Wiki ijayo. Biashara ni biashara. Lakini nimeongea na Mama Jumaa kwa simu. Nitakuwa nalala kwake."

"Wambeti."

"Wewe uliniokoa, sikatai. Lakini ulinisomea kama mtoto. Kila Jumatatu nilikuwa nakuuliza na moyo yangu yote, na wewe unajua. Hiyo siwezi kuimeza."

Jedidah akatikisa kichwa kukubali. Chakula kilikuwa tayari mafigani. Miaka kumi na tisa wanawake hawa wawili, kila walipokula pamoja, walikula katika bakuli moja, wakisogezeana vipande bila kufikiri. Wambeti akaingia ndani. Kabati likasikika likifunguliwa. Akatoka na sahani ya wageni, ile ya maua waliyowekewa padri na wakwe, akaipangusa vumbi kwa kitambaa, akaipakulia kunde na ugali kidogo pembeni, akamnawisha Jedidah mikono kwa birika kama inavyotakiwa kwa mgeni.

"Karibu chakula, mama," akasema kwa adabu.

Jedidah akaipokea sahani kwa mikono miwili, akashukuru, akala peke yake.